Peremende za Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa msomaji wa habari za asubuhi redioni, na alitembea kana kwamba jua lilisubiri ruhusa yake ndipo lichomoze. Mimi ni fundi mitambo wa kituo hichohicho. Yeye alikaa upande ule wa kioo, mimi upande huu.

Tatizo lilianza na peremende. Mtu mwenye akili koo likimkauka hunywa maji. Shemeji alimumunya peremende ya asali. Akisoma, aliificha shavuni. Yakija matangazo ya biashara, aliirudisha ulimini. Ikiisha hiyo, nyingine, na katikati soda ya kuteremshia. Mdomo wake haukupumzika na sukari tangu alfajiri hadi anapanda kitandani, na kitandani alipanda na moja. Nilizisikia zikigonga meno kwenye hedfoni zangu, nikakereka. Yeye hedfoni hakuvaa. Alisema ni za wanaojifunza.

Ufizi ukaanza kutoa damu kila akipiga mswaki. Bingwa wetu akatazama damu kwenye sinki, akafikiri, akaamua kuacha mswaki. Harufu ilipoanza, aliongeza peremende, safari hii za mnanaa. Ndiye mtu aliyekuwa anaifafanulia nchi bajeti.

Dada alimburuta kwa daktari wa meno, nami nikawaendesha. Daktari, mama asiye na muda wa kupoteza, alimchungulia kinywani, akashusha pumzi.

"Baba, damu hailetwi na mswaki. Inaletwa na huu ukoga ulioganda kwenye ufizi. Ukiacha mswaki, unazidi. Tutausafisha, halafu wewe utapiga mswaki asubuhi na usiku, polepole, hata kama damu inatoka. Na hizo peremende uache. Kila ukimumunya, meno yanaoga tindikali."

"Daktari, baba yangu amekufa na meno yake yote."

"Baba yako alikuwa anamumunya peremende kutwa?"

Shemeji akashuka kwenye kiti, akatoka. Miadi ya kusafishwa hakwenda. Dada akamkumbusha, nikamkumbusha, akatuambia tumekuwa wauguzi bila kusomea. Sikio la kufa halisikii dawa.

Ufizi ukarudi nyuma, meno ya mbele ya juu yakaanza kucheza. Moja lilibaki kwenye mkate wakati wa kifungua kinywa, dada akishuhudia. La pili, lililokuwa jirani yake, liling'olewa. Daktari akamwambia atengenezewe ya bandia. Shemeji akacheka, na pengo lake wazi.

"Ya nini? Mimi nasoma redioni. Nani ananiona?"

Niliwahi kukutana na wapumbavu, lakini wengi wao huwa na aibu kidogo.

Basi akasoma hivyohivyo. Kila "s" ilitoka na upepo, kila "f" ikapotea njiani. Ofisini hakuna aliyethubutu kumwambia, maana ndiye mkubwa wa watangazaji na alikuwa hodari wa kuwacheka wenzake ndimi zikiteleza. Wasikilizaji hawakumwogopa. Walipiga simu mpaka meneja akachoka, akatangaza kwamba nafasi ya asubuhi itashindaniwa upya. Kila mtu arekodi habari ileile, mimi nichanganye rekodi, zisikilizwe bila majina. Shemeji akakubali kwa madaha. Nafasi hiyo ndiyo ilikuwa maisha yake. Nje ya saa ile alikuwa mwanamume mnene anayegombana na remoti.

Tukakusanyika chumba cha mikutano, nikacheza ya kwanza. Haikufika sentensi ya tatu, shemeji akapunga mkono.

"Zima hiyo. Mmemtoa wapi huyu mzee? Anapuliza moto au anasoma habari? Huyu hata matangazo ya vifo asipewe."

Watu wakatazama meza. Nikacheza ya pili, ya kijana aliyeajiriwa juzi. Shemeji akafumba macho, akatabasamu.

"Hapo sasa. Hiyo haina haja ya kuuliza ni ya nani."

Meneja akanigeukia. "Fundi, ya kwanza ya nani?"

Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa hamu mbaya. "Ya shemeji," nikasema.

Shemeji aliniomba niirudie. Safari hii alisikiliza hadi mwisho. Meneja alisema pole, akasema kijana ataanza Jumatatu, watu wakatoka mmoja mmoja. Tukabaki wawili.

"Tangu lini niko hivi?"

"Tangu meno yang'oke. Na tulikwambia, shemeji. Daktari alikwambia, dada alikwambia, mimi nilikwambia."

"Mliniambia habari za meno," akasema. "Sauti hakuna aliyeniambia."

Hata hapo alikuwa anatafuta wa kumtwisha kosa lake, nami nilimdharau kwa hilo. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba hilo lilikuwa kweli: mimi niliyeisikia sauti ile kila asubuhi kwenye hedfoni sikumwambia.