Kimoja cha Manar, Kimoja cha Asya

Nyumbani kwa Bimdogo, pale Ibra, Omani, kitu cha mtoto hakikununuliwa kimoja. Kikongwe huyo alikuwa na sheria aliyotoka nayo Unguja akiwa msichana: mtoto hapewi kitu mwenzake akabaki kutazama. Na kwa kuwa mjukuu wake Manar hakuwa na ndugu, mwenzake akafanywa Asya, binti wa Kuruthum, mfanyakazi wa nyumba. Wasichana wote wawili walikuwa na miaka minane. Tofauti ni kwamba Asya alikuwa Makunduchi kwa bibi yake, na mamake alikuwa hajamtia machoni mwaka wa tatu huo. Ikinunuliwa kanzu, zinanunuliwa mbili. Ya Manar huvaliwa siku ile ile, na ya Asya hutiwa kwenye begi chini ya kitanda cha Kuruthum, kungoja msafiri.

Walifanana kwa jingine pia: hawatulii. Manar akianzia wali sebuleni anamalizia uani, na daftari lake lina mwanzo wa kila kitu, mwisho wa chochote halina. Asya naye, mwalimu alishamwita bibi yake mara nne. Kuruthum alijua kumtuliza Manar: unamsuka huku anasoma, unampa kunde achambue. Usiku akipiga simu nyumbani akaambiwa mwanawe kachapwa tena, roho ilimuuma hasa, kwa sababu mikono iliyojua kumtuliza mtoto wa namna ile ilikuwa Ibra, kwenye nywele za mtoto mwingine.

Ndipo akaja Tahani, mtafiti kutoka Nizwa, na mkoba wa makaratasi. Utafiti wao ulitaka kujua kama vidonge vya vitamini na madini vinawasaidia watoto wasioweza kuketi wala kushika jambo moja.

"Shikamoo bibi," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kwa nyanya yake. "Watu wetu katika utafiti wote sawasawa, yaani, baba yupo, mama yupo, karatasi Kiarabu wanasoma. Nyumba kama hii hakuna hata moja. Mimi nataka nyumba kama hii."

"Marahaba. Mamake Manar, Huwaida, yuko kazini Sur, huja Alkhamisi," alisema Bimdogo. "Lakini ukitaka kumjua Manar, muulize huyu."

Akamwonyesha Kuruthum. Kuruthum akakalishwa kitini, jina lake likaandikwa, akaulizwa Manar hulala saa ngapi, hula nini, huinuka mara ngapi kwenye masomo. Hakuna aliyewahi kumuuliza anachokijua akakiandika. Alijibu yote bila kubabaika, kisha akauliza lake.

"Na wangu je, daktari? Naye hatulii."

"Yupo wapi?"

"Makunduchi."

"Samahani dada. Lazima mtoto yupo hapa. Tunapima damu, tunamuona."

Huwaida alipokuja alitia saini, na chupa ya miezi miwili ikabaki jikoni. Vidonge viwili kila asubuhi, baada ya kula.

Asubuhi ya kwanza Kuruthum alivimimina viwili kiganjani. Nisimtetee, alijua anachofanya. Lakini na nyinyi mjue kwamba miaka mitatu alikuwa anagawa kila kitu cha nyumba ile mara mbili. Kimoja akampa Manar. Cha pili akakitia kwenye kikopo cha hiliki, ndani ya begi. Vilipofika ishirini akapata msafiri, na mamake akaagizwa: kimoja kila asubuhi, Asya akishakunywa chai. Vilivyofuata vikabaki kikoponi, kungoja msafiri mwingine.

Tangu hapo alipiga simu kila siku. "Ametulia?"

"Mh, si haba," alisema mamake wiki ya pili. "Siku hizi jioni hukaa kitako."

Kuruthum alifunga mlango wa chumba chake akalia kwa furaha.

Miezi miwili ilipotimia Tahani alirudi. Aliikuta chupa tupu, kama inavyotakiwa, akamsifu Manar kwa kumeza vidonge vyake.

"Kimoja changu," alisema Manar, huku akizunguka meza, "kimoja cha Asya."

"Asya nani? Yupo darasa gani?"

Kuruthum aliweka chini birika la kahawa, akasema yote. Alipomaliza, Tahani alikuwa ameshika kichwa.

"Wallahi, dada! Manar hesabu yake imeharibika. Na mimi mwenyewe sijui ndani ya chupa hii ilikuwa nini. Nusu ya watoto wanapewa vitamini, nusu wanapewa kama unga tu, vitamini ndani hakuna, kinafanana. Mpaka mwisho hatujui. Na Asya nani amempima? Piga simu sasa hivi, asimeze tena."

"Lakini ametulia," alisema Kuruthum. "Mama kasema hukaa kitako."

Akapiga, akaweka sauti wote wasikie. Mamake hakuelewa. Aliyeelewa ni Asya.

"Sijameza, mama. Navificha shavuni, bibi akienda zake navitoa. Viko vyote ishirini. Jioni nakaa navihesabu."

"Kwa nini hukumeza, mwanangu?"

"Bibi kasema vimetoka mkononi mwako. Nikivila vitakwisha."

Tahani alikuwa na kalamu mkononi, lakini hakuandika. Kuruthum alijifunika uso kwa leso, simu ikiwa bado wazi. Bimdogo aliinuka taratibu akaingia chumbani kwake, kabati likasikika likifunguliwa, akarudi na paspoti ya Kuruthum, aliyoiweka humo tangu siku alipofika.

"Mimi ndiye niliyekufunza kugawa," alisema. "Viatu nimenunua jozi mbili mbili, kanzu mbili mbili, nikajiona mwadilifu. Wewe je? Wewe nimekuchukua mzima, mwanao akabaki kutazama. Huwaida akija Alkhamisi atakukatia tiketi. Kakae naye."

Kuruthum aliipokea kwa mikono miwili. Alikuwa ameingojea siku hiyo miaka mitatu.

Manar alikuwa ameacha kuzunguka. Alisimama palepale kando ya meza, akiitazama ile paspoti, muda mrefu kuliko alivyowahi kutazama kitu chochote.

"Na mimi, bibi?" aliuliza.