Damu ya Hénock, Damu Yangu

Mimi ni mutu wa hasira, sikatai. Mwaka ule wa 2015, wakati batu ba Beni balikuwa banauawa mashambani, nilijipima nikajikuta na hépatite C, ugonjwa wa ini. Siku ile ile nilimufukuza bwana yangu Hénock na nguo zake zote. Nilimwambia ugonjwa huu ameutoa kwao Butembo, akaniletea.

Serikali ilinituma hapa Beni kutoka Kindu, nifanye kazi ya kupima damu. Sikuwa na ndugu. Hénock, mwalimu, ndiye alikuwa ndugu, bwana, kila kitu. Tulikuwa tunajidunga dawa ya maumivu kwa sindano moja, tunaiosha na lutuku, eti pombe kali inaua kila kitu. Mimi, mutu wa laboratoire! Tuliapa hakuna wa tatu, wala sindano ya mutu mwingine.

Mais siku moja dawa ilikwisha. Nilienda kambi ya Mavivi kwa baaskari, nikajidunga na sindano yao. Nikarudi, nikanyamaza.

Nilipokwisha kumufukuza, ikaja recherche, utafiti wa baganga: damu ya batu banaojidunga, ba Butembo na ba Beni, hata baaskari ba Mavivi, ipelekwe Ulaya, baone kila mutu ana virusi ya aina gani. Majina hapana, namba tu. Nilitia na yangu. Hénock naye alikuja, akanyoosha mukono, akaangalia ukuta. Nilimutoa damu bila kumusalimia. Nyumba ilikuwa imenishinda peke yangu, nilitaka arudi, lakini aniombe musamaha kwanza.

Miezi mitatu, karatasi zikafika. Batu ba Butembo, karibu bote, aina ya nne, ile ya zamani ya inchi yetu. Baaskari ba Mavivi, aina ya kwanza, ile mupya. Yangu, ya kwanza. Ya Hénock, namba niliyoiandika mwenyewe, ya kwanza.

Donc mimi ndiye nilimupa.

Nilimupigia simu. Nilimwambia yote: Mavivi, sindano, karatasi. Nililia bila haya, nikamuomba arudi.



"Nilijua," akasema. "Askari mumoja aliniambia juma lile lile ulienda kwao. Nilikuwa nangoja wewe useme, Simone. Hata siku ile ulinishika mukono na kunitoa damu, nilingoja. Ungesema mbele ya karatasi kufika, ningerudi."

Akanitakia kazi njema, kwa heshima, vile banaaga mutu wa bureau.