Mgonjwa wa Saa Nane

Kazi ya ultrasaundi nilijifunza kwa kumtazama aliyenitangulia, kisha kwa vitabu alivyoniachia alipostaafu. Mgonjwa anapanda kitandani, analala chali, nampaka jeli, napima, naandika. Siandiki nisichokiona. Hospitalini walinisifu kwa hilo, na mimi nikazoea kusifiwa.

Mdogo wangu wa kike alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi, mtaa wa pili kutoka hospitali. Makoti yetu meupe yote yalipita mikononi mwake, naye alisimama toka asubuhi hadi jioni. Mwaka wa pili wa ndoa yake alianza kulalamika maumivu chini ya kitovu, upande wa kushoto, na uzito kama amebeba ndoo ya maji ndani ya nyonga. Asubuhi aliamka mzima. Ikifika saa nane mchana alikuwa anaegemea meza ya pasi. Akifika nyumbani anajitupa kitandani, na baada ya nusu saa anapata nafuu.

Nafuu hiyo ndiyo iliyomponza. Mkwewe, mama wa mumewe, alimbandika jina: Saa Nane.

"Ugonjwa gani huu unaojua kusoma saa?" aliuliza mbele ya wageni. "Wakati wa kupika unapanda, chakula kikiiva unashuka!"

Wageni walicheka. Mdogo wangu naye alicheka, angefanyaje?

Akanijia. "Kaka, nipime. Nikiwa na karatasi yako watanyamaza."

Nilimfanyia ambalo ndugu yeyote angemfanyia nduguye. Nilimwambia aje saa moja asubuhi, kabla dirisha la kadi halijafunguliwa, nikamwingiza kwa mlango wa nyuma. Akalala chali. Nilipima mfuko wa uzazi, ovari, kibofu. Kila kitu kilikuwa mahali pake.

"Lakini kaka, sasa hivi hainiumi."

"Picha haihitaji uumwe," nilimwambia. Nilidhani nimesema jambo la maana. Nikaandika: Hakuna tatizo lililoonekana.

Nilimpima mara tatu ndani ya miezi kumi na minne. Mara zote saa moja asubuhi, mara zote wa kwanza, katoka kulala usiku mzima. Mara ya tatu alinionyesha mguu wa kushoto, akasema jioni kiatu hakiingii. Niliutazama. Asubuhi ile ulikuwa sawa na wa kulia. Nikaandika yaleyale.

Halafu kikaitishwa kikao cha familia. Sitasema mumewe alikuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka, na mama yake hakumpa nafasi ya kupumua. Alizipanga karatasi zangu tatu mezani, moja kando ya nyingine.

"Shemeji, hizi ni zako?"

"Ni zangu."

"Basi niambie mbele ya wote. Mke wangu anaumwa au haumwi? Kama anaumwa, nitakaa naye hivihivi hadi apone. Kama ananichezea, arudi kwao."

Mdogo wangu alinitazama. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kwamba tangu tulipokuwa watoto sijawahi kumwona akikwepa kazi.

"Kwa mujibu wa picha," nilisema, "hana kitu."

Mkwewe alipiga kofi moja. "Haya! Daktari kasema. Tena wa kwao!"

Wiki hiyohiyo mdogo wangu alirudi kwa mama na mabegi mawili.

Miezi mitano baadaye nilikwenda likizo, na zamu yangu ikashikwa na mama mmoja mtu mzima kutoka hospitali nyingine. Siku moja mdogo wangu alikwenda hospitali bila kuniambia. Hakukuwa na wa kumpitisha mlango wa nyuma, akapanga foleni. Benchi zilikuwa zimejaa, akasimama. Alifikiwa saa nane na nusu.

"Aliingia anashika ukuta," yule mama alinisimulia niliporudi. "Akataka kupanda kitandani. Nikamwambia, ngoja mwanangu, usilale. Anayeumwa akisimama nimpime amelala ili iweje?"

Alimpima wima. Mishipa ya damu ndani ya nyonga, upande wa kushoto, ilikuwa imevimba, minene kama vidole, na damu ndani yake inajikokota. Kisha akamlaza, akasubiri. Ikanywea mbele ya macho yake.

Picha za hospitali ya rufaa zilieleza chanzo. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka mguu wa kushoto ulikuwa umebanwa kati ya ateri na uti wa mgongo, umekuwa bapa kama utepe. Damu ilikosa njia, ikatuama kwenye nyonga, hasa akisimama. Daktari wa mishipa alipenyeza waya kupitia kinena, akapanua pale palipobanwa, akaacha kijibomba cha wavu ili pasijifunge tena. Akampa vidonge vya kuzuia damu kuganda. Baada ya wiki sita mdogo wangu alirudi kwenye pasi.

Nilichukua nakala ya majibu nikampelekea mumewe. Aliisoma pale mlangoni, taratibu, mara mbili. Kutoka ndani sauti ya mwanamke nisiyemjua ilimwita, chakula kinapoa.

"Zile zako tatu nilizitunza, shemeji," alisema. "Kila nilipotaka kumwamini, nilizitoa nikazisoma."

Akanirudishia karatasi, akaingia ndani.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa dobi na koti langu. Ilikuwa saa nane, na watu sita walikuwa wanangoja. Nilikwenda moja kwa moja kaunta, kama nilivyozoea.

"Kuna foleni," mdogo wangu alisema bila kuinua macho.

"Ni koti moja tu."

"Kila mtu ana lake."

"Mdogo wangu, nilikuwa nakusaidia. Sikutaka usote pale nje na wale wengine."

Aliisimamisha pasi. "Wale wengine wanapimwa mchana, kaka. Mimi mlango wa nyuma umeshanitosha."

Mtu mmoja nyuma yangu alikohoa. Nikaenda mwisho wa mstari. Kwa karibu saa nzima nilimtazama akifanya kazi, mgongo umenyooka, haegemei meza. Nilipofika kaunta alilikunja koti, akachukua kijikaratasi na kalamu.

"Jina?"

Nilidhani ananitania. Nikangoja acheke. Alikuwa ameshika kalamu, anasubiri.

Nikamtajia. Akaliandika polepole, herufi moja moja, kama hajapata kulisikia.