Setilaiti Juu ya Boma la Gichana

"Rudia tena," Gichana alisema bila kuacha kukamua. "Unataka nizime waya saa hii, ng'ombe zikiingia?"

Fancy Chepkorir alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima kutoka kwao, ng'ambo ya kijito, na sasa yalikuwa yamemkaukia mdomoni. Alikuwa mwalimu wa fizikia, amesomea ufundi wa redio chuoni Nairobi, lakini mbele ya mtu mzima alibaki yule mtoto wa kutazama vidole vya miguu yake.

"Dakika chache tu, baba. Kuna setilaiti inapita."

"Setilaiti!" Gichana akageukia jikoni, alikokuwa mkewe. "Esnah, njoo usikie. Mwalimu amekuja kukopa waya wetu, ati kuna nyota inataka kuongea."

Haikuwa nyota. Ilikuwa setilaiti ndogo ya majaribio, haizidi debe la mafuta, iliyorushwa na chuo kikuu kimoja cha Ulaya ili kupima seli za sola za aina mpya. Betri yake ilikuwa imekufa, ikawa inaishi kwa mwanga tu: seli zile zikilitazama jua inaamka na kutuma habari zake, zikigeuka inazimika. Na kwa jinsi ilivyolala huko angani, zililitazama jua setilaiti ikiwa karibu na ikweta tu. Ulaya hawakusikia kitu. Aliyekuwa chini yake ni Fancy, na leseni yake ya redio, na eriali aliyoiunda kwa vipande vya alumini. Injinia wao alikuwa amempigia simu shuleni: kesho tunafunga jaribio. Kama leo jioni hatapatikana wa kusoma nguvu ya seli, zitahesabiwa zimeshindwa.

Jioni zote zilizotangulia Fancy alisikiliza, na alichosikia ni waya wa stima uliozungushiwa boma la Gichana, tak, tak, tak, ukigonga ndani ya redio, na nyuma yake kitu chembamba kikilia kama kifaranga aliyefunikwa na beseni.

Waya ule ulikuwa na sababu. Tangu vita vya makabila mawili ya hapa, mwaka wa tisini na mbili, huku mpakani mwao nyuma ya Sotik ng'ombe walikuwa wakihama bila kuagwa. Gichana alipoteza watatu mwaka jana. Hakuna aliyetaja mtu, ila nyayo zilivuka kijito kuelekea upande wa kina Fancy.

"Sina ubaya na wewe, mwalimu," Gichana alisema. "Lakini setilaiti ikipotea, wazungu watatengeneza ingine. Mimi, ng'ombe zikienda, nani atanitengenezea?"

Fancy alitaka kusema pole na kuondoka. Mama yake, Phyllis, aliyekuwa amesimama langoni na shuka yake begani, akaingia.

"Nitakaa mimi na ng'ombe wako mpaka amalize."

"Wewe, mama Fancy? Na ndugu zako wakija?"

"Watanikuta."

Gichana akacheka, kisha kicheko kikamwishia. Akainua ndoo ya maziwa. "Nitashika swichi mwenyewe. Mbwa akibweka tu, nawasha."

Fancy alipanda mbio hadi kwao, akasimama ukingoni mwa shamba la chai, redio miguuni, vidude vya kusikilizia masikioni. Aliinua eriali kwa mikono miwili, akaielekeza kusini, juu ya Chepalungu. Tak, tak, tak. Jua lilikuwa limezama, lakini huko juu bado lilikuwa linawaka. Tak, tak.

Kisha kimya.

Na ndani ya kimya hicho, sauti ikapanda, safi, milio mifupi na mirefu ya Morse, tarakimu moja baada ya nyingine. Joto kwanza. Halafu betri: sifuri, sifuri. Zingefuata paneli za kawaida, na mwisho kabisa zile seli mpya. Akiishusha eriali hata kidogo, sauti ingemtoka.

Mbwa akabweka.

Ng'ombe wakakurupuka chini kule. Alimsikia mama yake akipaza sauti, "Ng'o? Ng'o?" akiuliza ni nani, na hakuna aliyemjibu. Paneli za kawaida zilikuwa zikisomwa. Fancy alisubiri tak ya kwanza, akijua mwenye waya ana haki yake.

Haikuja. Ilikuja sauti ya Gichana, akiita kutoka bondeni:

"Mwalimu! Niwashe?"

Mama yake alikuwa kule gizani na fimbo ya kuchungia. Moyo ulimwambia jibu moja, na koo likatoa jingine.

"Bado!" Hakuwahi kupiga kelele namna ile maishani mwake. "Bado kidogo!"

Zikaja seli mpya. Saba, redio ikasema. Nane.

"Washa! Washa sasa!"

Tak. Tak. Tak. Aliitupa eriali juu ya chai na kukimbia.

Mama yake alikuwa ameketi matopeni, kiatu kimoja hakipo, mzima. Waya wa chini ulikuwa umekatwa. Esnah alikuwa akipiga nduru, na wanaume wa pande zote mbili tayari walikuwa wakishuka kijitoni na tochi. Mtamba mmoja hakuwapo.

"Kwa nini ulisubiri, baba?" Fancy aliuliza, machozi yakimtoka.

"Si ulisema bado?"

Hakuwa amemlaumu, na hilo lilimchoma zaidi. Fancy akarudi kwao, akamfungua mtamba wake mwekundu, wa pekee, akamvusha kijito. Mama yake alimwona akipita na hakumzuia. Akampa Gichana kamba.

Gichana hakusema hapana. Alimmulika mtamba miguu, mgongo, akampapasa tumbo.

"Huyu ana mimba."

"Ya miezi mitano."

"Wangu hakuwa nayo." Akafikiri, kamba ikimzunguka kiganjani. "Basi ndama ni wako. Utakuja kumwona hapa, na mimi nitakuja kwenu kukwambia anaendeleaje. Hiyo kitu yako ilisema nini?"

"Sabini na nane kwa mia. Seli ni nzima, baba."

"Sabini na nane," Gichana akarudia, akimvuta mtamba ndani. "Mama Fancy, ingia upate chai. Umelowa."