Jiwe Lililochelewa Kusema

Uvumi ambao Eduviges hakuweza kuutoa kichwani ulikuwa kwamba mchonga mawe mmoja wa kijiji cha pili anang'aa kila anapopumua. Aliusikia Jumanne, kwenye foleni ya kusaga mahindi, na tangu siku hiyo akawa anautazama mdomo wa mwanawe Nabor, naye mchonga mawe, kila akila.

Kijijini kwao San Bartolo wanachonga mawe ya kusagia ya basalti tangu enzi za mababu. Mlima uliitema ikiwa uji wa moto, ikapoa upesi hewani, ndiyo maana chembe zake hazionekani kwa macho na ina vitundu vilivyoachwa na mapovu. Kwenye vitundu hivyo ndipo pilipili inaposagika. Wanaume huichonga kavu, kifua wazi, wakiimba. Mwezi wa pili mkandarasi wa mjini alileta graniti ya kaunta za jikoni, pamoja na mashine za kuikatia. Nayo wakaikata kavu, kifua wazi, wakiimba.

Uani kwa Eduviges kulikuwa na jiwe moja la kila aina, na yote mawili yalisema. Basalti, kwa kuwa ilizaliwa haraka haraka, ilimaliza habari zake mchana mmoja: moto, mapovu, upepo, basi. Graniti ilipoa chini kabisa ya ardhi, polepole, kwa miaka isiyohesabika, hata chembe zake zikapata nafasi ya kukua: za waridi, nyeusi, na zile za kioo. Kwa hiyo ilitoa neno moja kwa mwezi. Eduviges aliyaandika ukutani kwa mkaa. Februari, "Vumbi." Machi, "langu." Aprili, "si." Mei, "kama."

Hapo akamwomba Nabor apumzike kidogo na hiyo kazi.

"Mama nawe, sentensi yenyewe haijaisha," Nabor alimwambia. "Labda linajisifu tu."

Juni likasema "la," Julai "mwenzangu," Agosti "nikate," Septemba "kwa." Neno la mwisho, "maji," lilitoka Oktoba, asubuhi ya harusi ya Nabor, wakati wanawake wakifunga utepe kwenye jiwe la kusagia la bibi harusi, la basalti, ambalo baba yake wa ubatizo angelibeba mgongoni akicheza, kama ilivyo desturi.

Kanisani Nabor alikohoa, na pumzi yake ikatoka ikimetameta. Padri akazima mishumaa miwili. Baadaye watoto waliikimbiza hiyo pumzi uwanja mzima, mole, ule mchuzi mzito wa pilipili, ukatosha watu wote, na bendi haikupumzika.

"Mama mkwe, njoo tucheze," alisema Filomena, bibi harusi. "Angalau huyu hatanipotea gizani."

Eduviges alicheza, akacheka kwelikweli, kiganja kikiwa mgongoni mwa mwanawe.

Jumatatu mkandarasi alishusha graniti nyingine. Eduviges akamwonyesha ukuta. Mkandarasi aliusoma mpaka mwisho, akausifu mwandiko, akasema maji yanachelewesha kazi. Vijana wanne walikuwa wameshajipanga, Nabor mbele, waking'aa kidogo.

Wenye watoto wanaochonga, epukeni haya:

Kukata graniti kavu; chembe zake za kioo huingia kifuani na hazitoki.

Kuitendea kama basalti kwa sababu yote ni mawe na yote yalitoka motoni.

Kufunga leso puani na kuiita barakoa.

Kufagia vumbi lake bila kulilowesha.

Kubeba mtoto ukiwa na nguo za kazi.

Kumwambia kijana kwamba anapendeza akipumua.