Upanga wa Bwana Mifugo

Siku tano nafundisha jiografia sekondari, madarasa ya watoto hamsini na kitabu kimoja, na sichoki kama nilivyokuwa nachoka Jumamosi jioni. Sababu ilikuwa silaha za Nyamhanga.

Mchezo wenyewe ulitufikia hivi. Mwaka 1987 mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Kanada alimaliza mkataba wake shuleni kwetu Musoma, akagawa vitu vyake. Wenzangu walipata redio, sufuria, viatu. Mimi nikapewa boksi lenye vitabu vitatu vya Kiingereza na dadu za ajabu, moja ina pande nane, nyingine ishirini. Nilivisoma likizo nzima. Ulikuwa mchezo wa kusimulia. Mmoja anaongoza hadithi, na wengine kila mtu ana msafiri wake, ambaye anamsemea na kumwamulia. Mnakwenda pamoja nchi isiyokuwepo, mnapambana na majitu, mnatafuta hazina. Ukirusha mkuki, dadu ndiyo inayosema kama umepata au umekosa.

Wachezaji niliwapata Kamunyonge, nilikopanga chumba. Mwenye nyumba wangu, Muharami, alikuwa fundi chuma, anafua majembe na mapanga kwa springi za malori mabovu. Mkewe Mwanaharusi, ambaye wote tulimwita Mama Tabu, alikuwa mshonaji. Wa tatu ni Nyamhanga, bwana mifugo wa upande wa Butiama. Alikuwa anakuja mjini kila Jumamosi kufuata dawa za ng'ombe, anaambiwa hazijafika, kisha anapita kwa Muharami kunolewa visu. Siku moja alitukuta ukumbini na zile dadu, akavuta kigoda.

Kazini alikuwa mtu wa vitu vichache. Ana baiskeli, sirinji moja na sindano mbili za kuchemsha kwenye kopo, na kwa hizo alihudumia vijiji sita. Ningeapa huyu ndiye atakayekuwa msafiri mwenye akili kuliko wote.

Siku ya kuchagua vifaa, Mama Tabu alichukua kamba, taa, kiberiti, unga na sindano yenye uzi. Muharami akachukua mkuki, kisu na ngao ya ngozi. Nyamhanga akachukua shoka.

"La ukubwa gani?" nikamuuliza.

"Urefu wa mtu na nusu. Makali pande mbili. Na juu liwe na mwiba."

Muharami akaweka kikombe chini. "Bwana mifugo, hilo ni kilo ngapi?"

"Msafiri wangu ana nguvu."

"Sikuuliza nguvu. Akipiga akakosa, linampeleka wapi?"

Nyamhanga akanitazama mimi, kama mwanafunzi anayetaka mwalimu amwamulie. Nikatazama kitabu. Kitabu, kwa bahati mbaya, kiliruhusu.

Tukaanza hivyo, na ikawa kila tukifika mahali pa maana tunakwama kwenye chuma. Njia ya pangoni ni nyembamba, shoka halipiti. Tukalala porini, Nyamhanga hawezi kulala chali kwa sababu vazi la chuma alilojiongezea lina miiba mgongoni. Kofia yake ilikuwa na pembe mbili kama za fahali, na siku tuliyopita msituni zilinasa kwenye matawi mara tatu. Tulipofika mtoni nikamsihi avue.

"Siwezi kuvua, adui yuko ng'ambo," akasema.

"Utazama."

"Nitavuka haraka."

Akarusha dadu, akazama. Mama Tabu alitumia kamba yake yote na siku nzima ya safari kumtoa, na unga ukalowa. Hakulalamika. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayehesabu mishono, "Shemeji, tungekuwa tumeshafika."

Lakini siwezi kumlaumu Nyamhanga peke yake. Muharami naye alinichosha. Hakuweza kuacha jambo lipite. Katikati ya vita, jitu limeinua rungu, mimi nimeshusha sauti ili watu waogope, yeye anaanza kueleza kwa nini mnyororo wa Nyamhanga wenye tufe la miiba utamrudia anayeurusha usoni. Jitu likabaki limeinua rungu robo saa. Nilikuwa naenda nyumbani, yaani chumba cha pili tu, kichwa kinaniuma.

Mwezi wa tatu wa mchezo Nyamhanga akaleta mchoro. Aliuchora nyuma ya kadi ya chanjo ya ng'ombe, kwa rula, vizuri kabisa. Ulikuwa upanga wenye mpini katikati na bapa refu kila upande, moja linakwenda juu, jingine linashuka chini.

"Huu ukiuzungusha," alisema, "hakuna wa kukusogelea. Mbele hapiti, nyuma hapiti."

"Na wewe mwenyewe unapita wapi?" Muharami akauliza.

"Fundi, wewe huwaga unakataa kila kitu."

"Nakataa kwa sababu nimefua vyuma miaka ishirini na mbili."

"Lakini hujawahi kufua huu."

Muharami akanyoosha mkono. Akauchukua mchoro, akaukunja, akautia mfukoni. Nikajua tumeharibikiwa.

Chuma wakati ule kilikuwa hakipatikani hivi hivi. Sabuni na vitenge vilikuwa vimeanza kurudi madukani, lakini springi nzuri ya lori ilikuwa inagombewa na mafundi wote wa mji. Muharami alitumia springi nzima. Wiki ile wateja wa majembe waliambiwa wasubiri, na Mama Tabu hakuongea na mumewe siku mbili. Aliniambia jikoni, "Mwalimu, watu wazima wawili. Mmoja anaota, mwingine anamfulia ndoto yake ili amwonyeshe kwamba ni mbaya."

Jumamosi iliyofuata upanga ulikuwa tayari. Sikuwahi kuona Muharami akitengeneza kitu kizuri namna ile, na alikitengeneza kwa hasira. Tukatoka kwenda uwanjani nyuma ya karakana, jua bado kali. Nyamhanga akaushika kwa mikono miwili, uso umemng'aa. Akauzungusha mara ya kwanza, ukapiga mluzi. Mara ya pili bapa la chini likagonga ardhi, mpini ukageuka mikononi mwake, na bapa hilohilo likampitia kwenye shavu la mguu.

Halikuwa jeraha kubwa. Mama Tabu aliosha kwa chumvi akafunga na kipande cha kanga. Lakini Muharami alikuwa amengoja wakati huu miezi mitatu, na hakuweza kuuacha.

"Sasa umeona," akasema. "Mtu akifa na silaha ya namna hii mkononi, asimlaumu adui. Amejiua kwa ujinga wake. Chukua mkuki mzuri, mwepesi, simama vizuri. Mwenye mkuki mzuri hafi kizembe."

Nyamhanga alimtazama muda mrefu kuliko yalivyostahili maneno yale. Kisha akachukua baiskeli yake, akaondoka akiwa anachechemea, bila kuaga.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Wala ile ya pili. Muharami alikata ule upanga vipande akatengeneza majembe mawili, na kila tulipotaja jina la Nyamhanga alisema mtu mzima hasusi kwa ajili ya mchezo. Wiki ya nne akasema ana majembe ya kupeleka Butiama, na kama nina nafasi nimsindikize. Yalikuwa yale mawili. Mtu hapandi lori hadi Butiama kwa majembe mawili, lakini sikumwambia.

Tulimkuta Nyamhanga kwenye josho la ng'ombe. Lilikuwa kavu, dawa hazijaja tangu mwezi wa pili. Alikuwa amekaa kwenye ukuta wa saruji anaandika namba za mifugo waliokufa kwa kupe. Alitusalimia kwa heshima, akatupa nafasi ya kukaa ukutani.

"Mguu?" Muharami akauliza.

"Umepona."

Tukakaa. Muharami akasafisha koo mara mbili. Mwisho nikaona kama nikiwaachia hawa wawili tutarudi Musoma bila neno, nikauliza mimi.

"Nyamhanga, tulikukosea nini?"

Akafunga daftari lake. "Mwalimu, nilikuwaga na kaka. Isidori. Mwaka themanini na nne wezi wa ng'ombe walikuja kwetu alfajiri. Isidori alikuwa na mkuki wa babu. Mwepesi, umenyooka, kila mzee akiushika anausifu. Alisimama mlango wa zizi, akasimama vizuri, kama fundi anavyosema. Wao walikuwa na bunduki. Hakuwahi hata kuurusha. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala na fimbo, naona."

Ng'ombe mmoja alipita mbele yetu akanusa josho kavu akaendelea.

"Kwa hiyo mkuki mzuri naujua," akasema. "Naujua sana. Kwenye mchezo nilitaka kitu ambacho hao watu hawajawahi kukiona, wakikiona wasimame kwanza. Wasimame tu. Najua hakifai, fundi. Mimi si mtoto."

Muharami alikuwa anatazama mikono yake.

"Nilisema neno baya," akasema mwishowe.

"Hukujua."

"Sikujua, lakini nilisema. Nisamehe, ndugu yangu."

Nyamhanga akaitikia kwa kichwa. Baadaye akatupeleka kwake, mkewe Boke akatupikia ugali na samaki wakavu, na hakuna aliyezungumzia tena jambo lile. Muharami alimwachia Boke yale majembe mawili na akakataa kabisa kueleza yametokana na nini.

Nyamhanga alirudi Jumamosi ya pili yake. Nilifurahi, nakiri, kwa muda wa dakika kama tano. Kisha akatoa kadi nyingine ya chanjo. Safari hii ilikuwa ngao, na katikati ya ngao kuna mkono wa chuma unaochomoza, na mwisho wa mkono kuna mkasi.

Nikamtazama Muharami, nangoja. Alivuta pumzi ndefu, ile ninayoijua, ya mtu anayeletewa jembe lililovunjika mara ya tatu. Akaivuta kadi karibu.

"Huu mkasi," akasema, "unaufungaje?"

"Kuna kamba, inapita ndani."

"Kamba itakatika. Weka mnyororo mdogo. Na mpini usogeze hapa, la sivyo uzito wote unakuja kwenye kiwiko."

"Hapa?"

"Chini zaidi. Lete kalamu."

Wakainamia ile kadi wote wawili, vichwa vinakaribia kugongana. Nikawaambia kwamba jitu limetoka nje ya ngome na linakuja. Hawakunisikia. Nikasema tena, kwa sauti ya darasani. Muharami aliinua kidole bila kuinua macho, maana yake ningoje.

Mama Tabu akasogeza cherehani yake pembeni, akanigeukia.

"Mwalimu, mimi nimesimama mbele ya lango la hiyo ngome tangu Jumamosi ya mwisho tuliyocheza," akasema. "Niruhusu niingie peke yangu."

Nikampa dadu.