Baba Alivyosoma Namba

Baba alikuwa fundi wa lifti, na alifia kwenye ngazi. Lifti ya jengo alimokuwa kazini siku hiyo alikuwa ameifungua mwenyewe aitengeneze, akapanda kwa miguu kufuata bisibisi aliyoisahau juu, moyo ukasimama kabla hajafika. Asubuhi alikuwa amenitania kwamba ukuta niliompakia jirani rangi unafanana na mtu aliyeamka vibaya. Jioni tukaitwa kwenda kumtambua.

Kesho yake baada ya mazishi, watu walikuwa bado wamejaa sebuleni. Mdogo wangu, ambaye tangu utotoni tulimwita Maswali kwa kuuliza kwake, alikuwa sakafuni na kompyuta mapajani. Shangazi alimtazama kama ameona mwizi mchana kweupe.

"We Maswali! Udongo haujakauka, unacheza kompyuta?"

"Sichezi, shangazi. Nachagua kozi za mwaka wa tatu. Usajili unafungwa leo saa kumi. Nisipothibitisha, mwaka mzima nakaa nyumbani."

"Hao walimu wako hawafiwi?"

"Ni mashine, shangazi. Haijui msiba."

Baba mdogo akainama kuchungulia. "Umechagua zipi?"

"Usalama wa mitandao, hifadhidata, na mifumo endeshi."

"Hapo sawa. Hizo zina kazi nje."

Mimi nilishangaa. Elimu yangu iliishia sekondari na kazi yangu ni kupaka rangi, lakini wiki nzima kabla ya msiba, mezani sikuwa nimesikia wimbo mwingine ila Uchakataji wa Sauti, kozi ya kuifundisha kompyuta kusikia na kusema. Alikuwa akibishana na baba mpaka chakula kinapoa. Baba alishikilia kwamba lifti zake zinaongea vizuri kuliko chuo kizima, halafu mwisho akamwambia, "Basi chukua hiyo hiyo, uje uzifundishe adabu. Zinanijibu vibaya."

Nikamnong'oneza, "Na ile ya sauti?"

"Nimeitoa, kaka. Sitaki kusikia sauti ya mtu yeyote."

Akabonyeza. Mara uso ukamsawijika.

"Nini?"

"Namba ya uthibitisho imetumwa." Akanitazama. "Imetumwa kwa baba."

Alipoanza chuo hakuwa na simu. Aliandikisha ya baba, na hakuna aliyekumbuka kubadilisha. Sasa simu yenyewe ilikuwa chumbani, imezimwa, kwenye mfuko tuliokabidhiwa hospitali pamoja na mkanda na miwani yake. Mama aliufungia kabatini kwa mkono wake.

"Simu ile haiwashwi," mama alisema. Hata hakugeuka.

"Shemeji, mtoto atapoteza mwaka," baba mdogo akamwambia taratibu.

"Nimesema haiwashwi. Akipiga mtu akimtaka, nimjibu nini?"

Maswali alianza kufunga kompyuta, polepole, bila kulalamika. Nadhani huo upole ndio uliomshinda mama, kwa sababu yule mtoto hajawahi kukubali neno bila kuuliza kwa nini. Mama akanirushia ufunguo.

Niliiwasha nikaiweka sakafuni katikati yetu. Maswali akaiomba namba upya. Tukaikodolea macho simu kama kitu kinachoweza kuuma. Ikatetemeka.

"Moja," baba akasema.

Kikombe kilimponyoka shangazi. Baba mdogo alisimama wima, mkono kifuani. Mimi niligeuka kutazama mlango. Kweli niligeuka.

"Sita," baba akasema, akakohoa kidogo.

Tulikuwa tumesahau wote, hata Maswali aliyeiweka sauti hiyo simuni. Mwaka uliopita baba alilalamika kwamba ofisi inamtumia namba za majengo wakati mikono yake imejaa grisi, hawezi kushika simu. Maswali akamwandikia programu ya kuzisoma kwa sauti zinapoingia. Akamketisha jikoni arekodi, sifuri mpaka tisa, baba akisoma kama mtangazaji wa taarifa ya habari.

"Nane," baba akasema. Nyuma yake, kwa mbali, ikaja sauti ya mama, kali, ya siku ile: "Wewe mzee! Viatu mlangoni tena?"

"Mbili."

Maswali alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyeandika namba hata moja. Kwenye kompyuta maandishi mekundu yakatokea: muda umekwisha.

Mama ndiye aliyesema kwanza.

"Na hakuviondoa," alisema. "Vile viatu. Niliviondoa mimi." Akacheka, mara kicheko kikamgeukia kilio, na shangazi akaenda kumshika. Mama aliutoa ule mkono taratibu, akasogea mpaka ilipo simu.

"Iombe tena."

"Mama, zitakuja namba nyingine. Huenda nane isiwepo."

"Nimekwambia iombe."

Maswali alijifuta uso kwa kiganja. Lakini hakuomba namba mara moja. Alirudi nyuma kwenye kozi zake, nikamwona akiifuta hifadhidata na kuweka Uchakataji wa Sauti mahali pake. Baba mdogo akafumbua kinywa.

"Hiyo kazi yake ni ipi sasa—"

"Nyamaza wewe," shangazi akamkata. "Hujasikia?"

Safari hii nilishika kalamu. Simu ikatetemeka, nikasikia kitu ambacho mara ya kwanza kilinipita: baba akivuta pumzi kabla ya kusema.

"Tatu. Sifuri. Tatu. Tano."

Mama aliinamisha kichwa, akingoja. Nane haikuja. Niliziandika kiganjani kwa sababu sikuona karatasi, nikamnyoshea Maswali mkono, akaziingiza.

"Imekubali," alisema kwa sauti ndogo.

Mama aliiokota simu, akasimama. Nilijua anairudisha kabatini, nikampa ufunguo. Hakuupokea. Aliuliza chaja ya baba iko wapi, akaichomeka ukutani, karibu na mlango, pale palipokuwa panakaa vile viatu.